UZI: Ripoti za benki kuhusu uwajibikaji kwa jamii zianze na mikopo, madawati yafuate

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kila mwaka, hesabu za Desemba zikishakaguliwa, benki zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa ripoti ya mwaka kwa wanahisa, na ndani yake huwamo sura ya uwajibikaji kwa jamii. Mimi ni mwanahisa mdogo, na sura hiyo huisoma yote. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini kwamba sura hiyo, kwa namna inavyoandikwa sasa, hueleza kwa kirefu jambo dogo na kulipita haraka jambo kubwa, na kwamba huu ndio wakati wa kulisema, kwa kuwa kanuni za taarifa za uendelevu, yaani taarifa za athari kwa mazingira na jamii, ndizo kwanza zinaingia katika nchi zetu.

Nianze na lililo jema. NMB na CRDB, benki mbili kubwa kuliko zote nchini, kila moja imetangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi kwa ajili ya jamii. Fedha hizo zimenunua madawati, mabati ya kuezekea madarasa, vitanda vya kujifungulia na vifaa tiba katika wilaya nyingi, na mbio za hisani za CRDB zimechangia upasuaji wa watoto wenye magonjwa ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtoto aliyekuwa akikaa sakafuni sasa ana dawati, na mzazi wake hana haja ya nadharia yoyote ili ajue thamani ya jambo hilo. Tena ni hiari. Kampuni za madini hapa kwetu zinabanwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, na India, kupitia Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, huzitaka kampuni kubwa za kila sekta kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Asilimia 1 ya benki zetu ni uamuzi wa bodi zenyewe, nami nauheshimu.

Lakini tufanye hesabu. Chukulia benki ya mfano yenye faida ya shilingi bilioni 500 baada ya kodi na mikopo ya shilingi trilioni 8 iliyo mikononi mwa wateja. Asilimia 1 ya faida hiyo ni shilingi bilioni 5. Kwa kila shilingi 1,600 ambazo benki hiyo imezikopesha, imetoa shilingi 1 kwa jamii kama msaada. Ripoti yake ikijaza kurasa kwa picha za hundi za mfano na makabidhiano, na mikopo ikapewa jedwali moja la sekta kule nyuma kwenye maelezo ya hesabu, basi msomaji ameelezwa habari za shilingi 1 na zile 1,600 zimebaki gizani. Na ni hizo 1,600 zinazoamua kama kiwanda kitamwaga maji machafu mtoni au kitajenga mabwawa ya kuyasafisha, kama mkulima wa mahindi atapata mbolea kwa wakati, na kama mwalimu atafika tarehe 15 ya mwezi akiwa na kitu mfukoni.

Hilo la mwalimu nalitilia mkazo. Katika takwimu za Benki Kuu ya Tanzania, mikopo binafsi kwa miaka kadhaa imekuwa na sehemu kubwa kuliko sekta nyingine yoyote ya mikopo kwa sekta binafsi, na kila anayeishi na watumishi anajua kwamba mikopo ya mishahara imo humo kwa wingi. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Ni wakopaji wangapi wa benki fulani wamefika kwenye mpaka huo wa theluthi? Ni wangapi waliongezewa mkopo kabla wa kwanza haujaisha, na kwa gharama gani? Ni wangapi, baada ya mshahara kubanwa hivyo, waliangukia mikopo ya kausha damu mtaani, ile ya riba kubwa mno? Swali la mwisho benki haiwezi kulijibu, lakini mawili ya kwanza inayo majibu yake kwenye mifumo yake ya kompyuta leo hii, na katika ripoti nilizozisoma sijayaona. Benki inaweza kumpa mwalimu dawati la darasani kwake na wakati huohuo ikawa imempa mkopo ulioilemea nyumba yake. Uwajibikaji kwa jamii uko katika yote mawili, na la pili ni zito zaidi.

Tayari tunayo mazoea mazuri ya kuchapisha takwimu. Benki Kuu huzitaka benki zichapishe hesabu zao kila robo mwaka, na humo hata msomaji asiye mhasibu anaweza kuangalia uwiano wa mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kama ilivyopangwa, na kuulinganisha na wa benki jirani, kwa kuwa kipimo ni kimoja na hakuna benki inayochagua kukionyesha mwaka wa mafanikio na kukificha mwaka mbaya. Sura ya jamii haina nidhamu hiyo. Mwaka huu itahesabu madawati, mwakani itahesabu miti, mwaka wa tatu itahesabu "wanufaika" bila kusema mnufaika ni nani.

Nimalizie kwa mfano kutoka Uingereza. Oktoba 2021, karibu na mkutano wa mabadiliko ya tabianchi wa Glasgow, HSBC ilibandika mabango London na Bristol. Moja lilisema benki ingetoa hadi dola trilioni 1 kuwasaidia wateja kupunguza hewa ukaa, na jingine lilizungumzia upandaji wa miti milioni 2. Oktoba 2022 mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini humo iliyakataza kwa sababu yalimficha mtazamaji jambo la msingi, yaani mchango wa benki yenyewe katika uchafuzi kupitia wateja inaowafadhili. Ushahidi ulitoka katika ripoti ya mwaka ya HSBC yenyewe, iliyoonyesha kwamba fedha zake katika mafuta na gesi pekee zilihusishwa na takriban tani milioni 65.3 za hewa ukaa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya ripoti: kumpa msomaji wa nje kipimo anachoweza kukiweka kando ya tangazo na kuuliza kama vinaafikiana. Ripoti ambayo haiwezi kamwe kutumika kupinga tangazo la benki iliyoiandika ni tangazo jingine tu, refu zaidi.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa waliofanya kazi ndani ya benki.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa mada nzito. Huku Kenya tumepita njia inayofanana na yenu, ila wakfu za benki zetu zimekuwa taasisi kubwa zinazojitegemea. Wakfu wa Equity Group ulianza mwaka 2008, na mpango wake wa Wings to Fly, ulioanza 2010 kwa ushirikiano na Mastercard Foundation, umewasomesha sekondari maelfu ya watoto kutoka familia maskini. Ninawafahamu vijana ambao maisha yao yaligeuka kwa mpango huo, kwa hiyo nakuomba usiiweke misaada yote katika kapu la picha na hundi. Msaada unaomfuata mtoto kwa miaka 4 una uzito wake, na unaweza kupimwa: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, wangapi walifika chuo kikuu.

Kwa upande wa kanuni, Chama cha Mabenki Kenya kilitoa miongozo ya fedha endelevu mwaka 2015. Benki Kuu ya Kenya ikatoa mwongozo wa kusimamia hatari za tabianchi Oktoba 2021, na mwezi uliofuata Soko la Hisa la Nairobi likatoa kitabu cha mwongozo wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala. Sasa taasisi ya wahasibu imepanga kwamba viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023, viwe vya lazima kwa taasisi zenye maslahi ya umma, benki zikiwamo, kuanzia Januari 2027. Tatizo unalolieleza litapungua lenyewe viwango hivyo vikishika.

MCHANGIAJI, ALIYEKUWA AFISA MIKOPO

Wakuu, nimefanya kazi ya mikopo katika benki ambayo sitaitaja, na ninapenda kuwatetea kidogo walio ndani. Kwanza, siri ya mteja. Afisa hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba kiwanda fulani tulikikopesha na kinachafua mto. Pili, takwimu za wateja wengi hazipo. Mteja mwenye mashine ya kukoboa mpunga hana kumbukumbu za dizeli aliyochoma, na ukimdai karatasi hizo atakwenda benki ya jirani ambako hawamuulizi. Tatu, na hili nalisema kwa uchungu, afisa mikopo anapimwa kwa kiasi alichokopesha na kwa marejesho. Sijawahi kuona fomu ya tathmini ya utendaji inayouliza kama mteja aliyepata mkopo alibaki na hali nzuri baada ya mwaka. Ukitaka kujua benki inajali nini, angalia inawalipa bonasi wafanyakazi wake kwa lipi.

MWANZISHA UZI

Nashukuru kwa michango hii miwili, na naomba niijibu kwa pamoja.

Ndugu yangu wa Nairobi, nakubaliana nawe kuhusu Wings to Fly, na vipimo ulivyovitaja ndivyo ninavyovitamani katika kila mradi. Ila sioni kwamba viwango vya IFRS vitamaliza kazi. Viwango hivyo vimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji, na swali lake ni hili: mafuriko, ukame au mabadiliko ya sheria yanaweza kuipunguzia benki mapato kiasi gani? Viwango vya GRI, taasisi ya kimataifa ya viwango vya kuripoti uendelevu iliyoanzishwa mwaka 1997, huuliza kutoka upande wa pili: benki imewafanyia nini watu na mazingira? Mikopo ya mishahara inayowabana watumishi inaweza kabisa kuwa na faida nono na marejesho mazuri, kwa sababu makato hufanyika kabla mshahara haujamfikia mhusika. Kwa jicho la mwekezaji hapo hakuna hatari kubwa ya kuripoti. Kwa jicho la jamii ipo. GRI ilikwishatoa nyongeza ya sekta ya fedha mwaka 2008, yenye vipimo kama mgawanyo wa mikopo kwa mkoa, kwa ukubwa wa biashara na kwa sekta, huduma katika maeneo yenye watu wachache, na sera za kubuni na kuuza bidhaa kwa haki. Tukichukua IFRS pekee na kuiacha GRI, tutapata ripoti nzuri kuhusu usalama wa benki, na mkopaji atabaki nje ya ukurasa.

Kwako mkuu uliyekuwa afisa mikopo, hoja ya siri ya mteja ni ya kweli, lakini haizuii jumla. Benki inaweza kusema imekopesha kiasi gani katika saruji, madini, usafirishaji au kilimo, na ni mikopo mingapi iliyokataliwa au kuwekewa masharti ya mazingira, bila kumtaja mteja hata mmoja. Kuhusu takwimu kukosekana, PCAF, umoja wa taasisi za fedha unaopima hewa chafu inayotokana na mikopo na uwekezaji, uliozaliwa Uholanzi mwaka 2015, umeweka njia inayokubali hali hiyo. Benki hubeba sehemu ya uchafuzi wa mteja kulingana na sehemu yake katika fedha zilizomo ndani ya kampuni: ukikopesha bilioni 20 katika kampuni ambayo mtaji na madeni yake kwa pamoja ni bilioni 100, unaandika asilimia 20 ya hewa chafu ya kampuni hiyo kuwa yako. Pasipo vipimo halisi hutumika makadirio ya sekta, na benki hueleza ubora wa takwimu zake kwa alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni bora kabisa. Benki inayoanza na alama 5 na kusema wazi kwamba ni 5 imekwisha kuwa mkweli kwa msomaji wake.

Hoja yako ya bonasi nadhani ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Mwaka 2016 Wells Fargo ya Marekani, benki iliyojulikana miaka mingi kwa ukubwa wa misaada yake kwa jamii, ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakisukumwa na malengo makali ya mauzo, walikuwa wamefungua akaunti nyingi bila idhini ya wateja. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa miaka kadhaa kutokana na vitendo hivyo. Ukurasa mmoja wa kweli kuhusu malengo ya mauzo, idadi ya waliofukuzwa na sababu zake ungewafaa wateja kuliko orodha yote ya misaada.

MCHANGIAJI, TANGA

Wanajukwaa, mimi ninaishi Tanga, na mada hii kwetu ni jambo la mlangoni. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda linakuja Chongoleani, kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya urefu huo iko Tanzania. Machi 2025 kampuni ya mradi ilitangaza kukamilika kwa awamu ya kwanza ya mikopo kutoka taasisi zikiwamo Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda na KCB Uganda. Wapo majirani wanaoupenda mradi kwa ajira zake, na wapo wenye malalamiko ya fidia ya ardhi. Swali langu: mwanakijiji ambaye shamba lake limepitiwa na bomba atajuaje benki zilizokopesha zilichunguza nini kabla ya kutoa fedha?

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Tanga, swali lako lina jibu la nusu. Ipo miongozo iitwayo Equator Principles, iliyozinduliwa Juni 2003, ambayo benki hujiunga nayo kwa hiari, na Standard Bank imo. Mradi unaogharimu dola milioni 10 au zaidi hupangwa daraja A, B au C kulingana na ukubwa wa madhara yake; wenye daraja A hutakiwa kuwa na tathmini ya kina ya athari, mashauriano na wananchi, njia ya kupokea malalamiko na mapitio ya mtaalamu huru. Benki mwanachama hutakiwa kuripoti kila mwaka idadi ya miradi iliyoifadhili katika kila daraja, kwa sekta na kwa eneo. Udhaifu wake ni kwamba jina la mradi hutangazwa kwa ridhaa ya mteja, na hivyo mwanakijiji anaweza kusoma kwamba benki imefadhili miradi kadhaa ya daraja A barani Afrika asijue kama wa kwake umo. Kwa bomba lenu wakopeshaji wametajwa hadharani, na hiyo ni nafuu kubwa: mnaweza kuwaandikia moja kwa moja, mkiomba waeleze njia ya malalamiko iko wapi na imepokea mangapi. Malalamiko yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa ni takwimu ambayo ningependa kuiona katika ripoti ya kila benki inayokopesha miradi mikubwa.

MCHANGIAJI, MWANAFUNZI WA UHASIBU

Shikamoo wakubwa zangu. Nimejifunza mengi. Naomba kuuliza: je, ipo benki ya hapa kwetu ambayo imekwisha kuripoti kwa namna mnayoipendekeza, ili nasi wanafunzi tuwe na pa kuanzia?

MWANZISHA UZI

Marahaba. Pa kuanzia papo, nami napapendekeza kwa moyo mweupe. Angalia hati fungani zenye malengo maalumu, yaani hati ambazo benki huziuza ili kukopa fedha kwa wawekezaji kwa kazi iliyotajwa. Mwaka 2022 NMB iliuza hati fungani ya Jasiri kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake, na ikapata zaidi ya shilingi bilioni 74. Mwaka 2023 CRDB iliuza hati fungani ya Kijani, ikaomba bilioni 40 na kupata zaidi ya bilioni 171. Kanuni za kimataifa za hati hizi zina nguzo nne: fedha zitatumika kwa nini, miradi itachaguliwaje, fedha zitafuatiliwaje zisichanganyike na nyingine, na ripoti itatolewaje hadi fedha ziishe kupangiwa matumizi. Mwekezaji aliyenunua anataka kuona mkopo wake umekwenda wapi, na benki inalazimika kumjibu kwa takwimu. Mfano mwingine ni wa kilimo: Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu ya amana za lazima (fedha ambazo benki hutakiwa kuziweka Benki Kuu) kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na riba za mikopo hiyo zikashuka. Hapo uwajibikaji kwa jamii ulipita kwenye mkopo wenyewe, na unaweza kuufuatilia: kiasi gani kilikopeshwa, kwa mkulima mdogo au kwa mfanyabiashara mkubwa wa mazao, na katika mikoa ipi.

Kwa hiyo uwezo upo. Idara ileile inayoandika ripoti ya hati fungani kwa mwekezaji inaweza kuandika vivyo hivyo kuhusu mikopo mingine yote kwa mwenye amana, ambaye fedha zake ndizo nyingi zaidi.

Ukitaka zoezi, chukua ripoti ya benki yoyote na utafute mambo haya kabla ya kutazama picha: mgawanyo wa mikopo kwa sekta na kwa mkoa, idadi ya malalamiko ya wateja na yaliyotatuliwa, masharti ya mazingira yaliyowekwa kwenye mikopo, na jina la mhakiki wa nje aliyezipitia takwimu za uendelevu pamoja na mipaka ya kazi yake. Hili la mwisho wengi hulisahau. Mkaguzi aliyesaini hesabu za fedha kwa kawaida hajazihakiki takwimu za madawati wala za miti, na maelezo ya mipaka yake huwa yameandikwa wazi katika taarifa ya ukaguzi.

Nami kwa upande wangu nimekwisha andika swali nitakalolipeleka kwa katibu wa kampuni kabla ya mkutano mkuu ujao wa wanahisa: kati ya wateja wetu wa mikopo ya mishahara, ni asilimia ngapi wamebakiwa na theluthi moja tu ya mshahara, na asilimia hiyo ilikuwa ngapi mwaka uliotangulia? Aliye na hisa katika benki nyingine na alichukue lilivyo, alipeleke kwao, kisha arudi hapa atueleze alijibiwa nini.